Tufaha la Bwana Najua

Mtaa mzima ulimwita Bwana Najua, naye kwa kuwa hakuwa na akili ya kutambua anapochekwa, aliona kapewa sifa. Kazi yake ilikuwa kuuza matairi. Ungedhani muuza matairi atazungumza habari za matairi, lakini wapi! Yeye alizungumzia sayari, mafuta ya papa, sababu za ndege kupaa angani na namna sahihi ya kuchemsha yai. Mkewe, fundi cherehani, alimsikiliza miaka nenda miaka rudi huku pini zimemjaa mdomoni, na pini hizo ndizo zilizoinusuru ndoa yao.

Jumamosi hiyo walikwenda pamoja kwenye soko la wakulima, nyuma ya uwanja wa mpira, kumtafutia matunda mama yake Bwana Najua. Nyumbani wote walimwita Bibi. Figo zilikuwa zimemgomea, na kila baada ya siku chache alilazwa kwenye mashine hospitalini isafishe damu yake. Nesi alimpiga marufuku ndizi, machungwa, parachichi na maji ya dafu. Bibi wa watu, aliyependa matunda kuliko chakula, akabaki na tufaha. Tufaha leo, tufaha kesho, mpaka akasema akiliona tena tufaha ataangua kilio.

Kwenye meza ya mwisho mama mmoja mkulima alikuwa amepanga matunda ambayo fundi hakuwahi kuyatia machoni. Kulikuwa na mekundu yenye nywele, ya waridi yenye magamba, na ya manjano yanayong'aa, yenye mbavu zilizotokeza.

"Haya ya manjano yanaitwaje, dada?" fundi akauliza.

Mkulima akafungua mdomo ajibu. Bwana Najua akadakia.

"Usimsumbue dada wa watu. Haya ni matufaha ya nchi za joto. Hata tufaha hulijui?"

"Tufaha lenye mbavu?"

"Uliyozoea wewe hayana. Ndiyo maana nakwambia kila siku, mwanamke, tembea uone."

Na yeye mwenyewe, jamani, hakuwahi kutembea kupita bohari la matairi! Mkulima alimtazama, akamtazama mkewe kwa huruma, kisha akafunga mdomo na kufunga mfuko. Nani ana muda wa kumfundisha mtu aliyekwisha kufuzu?

Njiani fundi alimwambia wangemuuliza tu yule mama, isingewagharimu kitu.

"Nimuulize muuza matunda jina la tunda? Watu wanione mshamba?"

Basi, hilo ndilo lilikuwa donda lake. Angemeza msumari kabla ya kutamka neno sijui.

Walipofika nyumbani fundi hakuvua hata viatu. "Bibi asile kwanza. Nampigia nesi."

"Umwambie nini? Kwamba mgonjwa anaomba ruhusa ya kula tufaha?" Bwana Najua akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Nesi alitaja vilivyokatazwa. Hili alilitaja? Hakulitaja. Tena tufaha anaruhusiwa, na hili ni jamii yake. Tumia akili."

Bibi, kwenye kiti chake karibu na dirisha, tayari alikuwa na moja kiganjani akilinusa. "Mwacheni mwanangu," akasema. "Huyu tangu mdogo anajua vitu."

Fundi akaingia chumbani na simu yake. Iliita, ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena, vilevile. Aliporudi sebuleni sahani ilikuwa imebaki majimaji na mbegu, na Bibi analamba vidole.

"Tamu, lina uchachu kidogo," Bibi akasema, uso umemchangamka kama ambavyo haukuwa umechangamka siku nyingi.

Fundi akamtazama mumewe jinsi anavyotazama nguo iliyoharibiwa na fundi mwenzake. Akalichukua tunda moja lililosalia, akalitia kwenye mkoba wake kabla na hilo halijaliwa.

Alasiri Bibi akaanza kwikwi. Kwikwi yenyewe haikuwa ya kupita, ilimtikisa mwili mzima na haikumpa nafasi ya kumaliza sentensi.

"Hewa hiyo, imekwenda njia isiyo yake," Bwana Najua akatangaza. "Abane pua, anywe maji mengi kwa mkupuo."

"Maji mengi? Mama yako anapimiwa maji kwa kikombe, na wewe unakaa naye nyumba moja!"

Bwana Najua akakohoa, akageukia televisheni. Muda si muda Bibi akatapika. Kisha akamshika fundi mkono, akamwita kwa jina la dada yake aliyezikwa zamani, akamuuliza kama mbuzi wameshafungwa. Mbuzi gani, na wao wanakaa ghorofani! Fundi hakumuomba mtu ushauri, alitelemka kutafuta teksi.

Hospitalini nesi wa zamu aliuliza swali moja la maana. "Leo amekula nini?"

"Tufaha," Bwana Najua akajibu, kifua mbele.

"Tufaha tu?"

"Tufaha tu."

Kusikia tufaha, nesi akaacha kabisa kufikiria chakula. Akapima sukari, akapima presha, akaanza kusema huenda ni kiharusi, apelekwe akapigwe picha ya kichwa. Walikuwa wameshaanza kusukuma kitanda kuelekea mlangoni, Bibi akiruka kwa kwikwi, macho hayamtambui mtu.

"Nesi, si tufaha," fundi akasema.

"Msamehe mke wangu," Bwana Najua akasema. "Yeye ni wa nguo, mambo haya hayajui."

"Asiyejua ni wewe!" Sauti ya fundi ilisimamisha kitanda. "Mume wangu hajui alichomlisha mama yake. Hakijui, alikatazwa na kiburi kuuliza, na sasa anawadanganya hata nyinyi. Kitu chenyewe hiki hapa."

Akalitoa lile tunda mkobani. Daktari wa figo, aliyekuwa anapita na mafaili, akalipokea, akalikata kwa mapana. Kipande kikadondoka mezani, nyota kamili.

"Nani amempa mgonjwa wa figo tunda nyota?" Hakungoja jibu. "Kwake hii ni sumu. Figo zangu na zako zinaitoa, zake zinaiacha ipande kichwani. Rudisheni kitanda. Mashine, sasa hivi!"

Na mtu yule, amini usiamini, akainua kidole. "Daktari, kitaalamu hili nalo ni aina fulani ya..."

"Baba, nyamaza."

Lakini walipokalishwa kwenye benchi la nje, haukupita muda akamgeukia jirani yake na kuanza kumweleza mashine ya damu inavyofanya kazi. Fundi akahamia benchi la pili. Alikuwa anamuombea Bibi, na katikati ya dua likamjia wazo chafu: mama akifa, huyu atasimama makaburini awaeleze watu habari za udongo. Alimdharau mpaka akachoka kumdharau.

Bibi hakufa. Kesho yake kwikwi ilikuwa imekoma, na alimtambua kila aliyeingia. Nesi akamletea uji mweupe kwenye bakuli.

"Lete hapa," Bwana Najua akasema, akikipokonya kijiko. "Kulisha mgonjwa kuna utaratibu wake." Akachota, akapuliza, akakipeleka kijiko mdomoni kwa mama yake.

Bibi akakikwepa kijiko.

"Nini hiki?"

"Uji, mama."

Bibi aligeuza kichwa polepole juu ya mto, akaangaza chumbani mpaka macho yakampata mkwewe.

"Mwanangu," akamwambia, "ni uji kweli?"

Fundi akakitoa kijiko mkononi mwa mumewe, akaonja mbele ya Bibi, akameza.

"Ni uji, mama."

Hapo ndipo Bibi akafungua mdomo.