Ukurasa wa Mwisho wa Bima

Ilikuwa ofisi ya tatu ndani ya miezi miwili. Mkunga alikuwa ametoka zamu ya usiku moja kwa moja, hajala, hajalala, miguu imevimba hadi viatu vinambana. Mumewe, fundi saa mstaafu, ndiye aliyekuja kumchukua hospitali kwa gari, na sasa alikuwa ameketi kando yake akipekua kabrasha la bima ya boti kwa madaha kama hakimu.

Boti yenyewe ilikuwa nyumbani juu ya trela, imefunikwa turubai, imeziba njia ya kwenda kwenye kamba ya kuanikia nguo. Fundi aliinunua alipofunga kibanda chake, ili Jumapili watembee ziwani na wajukuu. Mpaka leo haijagusa maji. Pale ziwani boti isiyo na bima haishushwi, na kila bima aliyoletewa, fundi aliitoa kasoro. Kampuni ya kwanza ilitaka kulipa kwa bei ya soko, yaani boti ikizama wanakupa bei ya mtumba. Hapo mkunga alimwelewa. Ya pili haikugharamia kuiopoa ikishazama. Napo alimwelewa, ingawa kwa shingo upande.

Wakala wa ofisi hii, binti mpole, alikuwa amejibu maswali kwa saa nzima.

"Injini ikiibwa?" fundi aliuliza.

"Tunalipa, mzee, mradi ilikuwa imefungwa kwa kufuli."

"Mgeni wangu akiteleza akavunjika mguu?"

"Matibabu yake yamo, ukurasa wa nne. Na boti ikizama, tunalipa thamani tuliyokubaliana leo, hatukati uchakavu. Kuiopoa pia ni juu yetu."

Fundi akakuna kidevu. "Na kiboko akiipindua?"

"Kwani ziwa letu lina kiboko, mzee?"

"Sijasema lina. Nauliza akihamia."

Mkunga akafumba macho. Usiku ule alikuwa amezalisha wanawake watatu, na hakuna hata mmoja aliyechelewa kiasi hiki.

"Hata kiboko tunalipa," wakala alisema, akamsogezea karatasi ya mwisho. "Umebaki ukurasa wa nahodha. Unaandika nani ataendesha, kisha daktari anathibitisha afya yake na macho yake. Ukimaliza huo, boti iko majini."

Fundi akalifunga kabrasha. "Acha nikafikirie."

"Ukafikirie nini?" Mkunga alijisikia akipaza sauti. "Baba Pacha, umeuliza mpaka kiboko!"

"Haraka haraka haina baraka, mke wangu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo! Haya, nionyeshe kasoro. Iguse kwa kidole niione."

Fundi alilifungua tena, akapindua kurasa mbili tatu, akaweka kidole bila kusita. "Hapa. Wanasema dhoruba hawalipi."

Mkunga akainama kusoma. Kidole kilikuwa kimetua juu ya anwani ya sanduku la posta la kampuni.

Alimtazama mumewe, kisha akamgeukia wakala. "Mwanangu, huu ukurasa wa macho uko kwenu tu?"

"Kampuni zote wanao, mama."

Kumbe haikuwa bei ya soko, wala haikuwa kuopoa.

"Jicho lipi?" mkunga aliuliza.

Fundi akatazama dirishani.

"Nimekuuliza, lipi?"

"La kulia. Ni ukungu tu. Ulianza kabla sijafunga kibanda. La kushoto nalo linafuata."

"Kibanda uliniambia umefunga kwa sababu ya mgongo!"

"Mgongo nao unauma."

Mkunga alimshika kidevu kama anavyoshika vichanga, akamgeuzia kwenye mwanga. Mboni ilikuwa na weupe, kama tone la maziwa.

"Mtoto wa jicho," alisema. "Miaka thelathini na moja napokea watoto wa watu, na wewe unalea wako nyumbani kwangu unanificha!"

Wakala akajifunika mdomo kwa karatasi.

"Ningekwambia ungenipeleka kwenye kisu," fundi alisema taratibu. "Jicho, Mama Pacha. Hata kibanzi kikiingia siwezi kuvumilia, sembuse kisu."

Mkunga alitaka kumwonea huruma, na huruma ilikuwa njiani, lakini jambo jingine lilifika kwanza. "Na gari? Si wewe umenileta hapa sasa hivi?"

"Njia naijua."

"Njia naijua! Kumbe ndiyo maana wiki iliyopita umegonga nguzo ya geti ukamsingizia paka!" Akakinga kiganja. Fundi akatoa funguo.

"Mwanangu," mkunga alimwambia wakala, "kuna bima ya boti isiyokwenda popote?"

"Ipo, mama. Ya boti ikiwa nchi kavu. Wizi, moto, mti ukiiangukia. Ni nafuu, na nahodha haulizwi."

"Tuandikie hiyo."

"Lakini mimi sijaamua," fundi alisema.

"Miezi miwili ulipewa ya kuamua. Weka sahihi." Ilibidi amwonyeshe mahali.

Alhamisi hiyo jicho la kulia lilipasuliwa, na wiki sita baadaye la kushoto. Mwezi wa nne tangu siku ile walirudi ofisini na barua ya daktari, kuchukua bima kamili. Mkunga alidhani ni suala la dakika kumi. Fundi akavaa miwani mipya akaanza ukurasa wa kwanza, neno kwa neno, midomo ikicheza. Wakala alikwenda kula, akarudi, akamkuta ukurasa wa sita.

"Namba ya injini mmekosea," fundi alisema. "Mmeandika tatu, ni nane. Ingeibwa, mngeniambia si injini yangu."

Ilikuwa kweli. Wakala akashusha pumzi, akachapisha upya kabrasha zima. Fundi akalipokea, akalinyoosha mezani, akaanza tena ukurasa wa kwanza.

Mkunga alivua viatu, akapandisha miguu kwenye kiti cha mbele yake. "Usimharakishe, mwanangu," alimwambia wakala kwa uchovu. "Siku ile alikuwa anapindua kurasa tu. Leo, Mungu atusaidie, anasoma kweli."