Sungura Hanywi Maji

Mimi sipendi wanyama wa ndani. Nasema mapema, mtu asije akanidhania nina moyo laini. Sungura huyu nilimkuta nyumbani kwa baba mkwe wangu, Mzee Kalenga, hapa mtaa wa Hewa Bora, nilipohamia kutoka Ruashi mwezi wa kwanza kuja kumtunza baada ya kufiwa na mkewe, Mama Brigitte. Sungura jina lake Kilo. Alinunuliwa aliwe Noeli, wakampima, kilo moja haikufika, wakasema wamngoje anenepe. Miaka minne baadaye walikuwa bado wanamngoja, na hakuna aliyethubutu kutaja sufuria mbele yake.

Mume wangu Liévin anafanya kazi Kambove, hurudi mwisho wa mwezi. Tulibaki watatu: mzee, sungura na mimi. Mzee na mimi hatukuwa na mengi ya kuongea, maana kwetu mke wa mwana na baba wa mume huheshimiana kwa umbali. Chakula chake naweka mezani, nakunja goti kidogo, natoka. Kiti chake sikigusi. Kitu hakitoki mkononi mwangu kikaingia mkononi mwake. Na kumpinga ndiyo usithubutu: mkwe mwenye mdomo hushtakiwa mpaka kwa mama yake mzazi, nami mdomo ninao.

Siku ya kwanza alinipa sheria ya nyumba, yeye mlangoni, mimi uani.

"Sungura hakunywake mayi," alisema. "Mayi inamuua. Umande ya majani inamutosha. Njo vile baba yangu alinifundisha. Miaka makumi ine nafuga basungura, hata moja haikufa na kiu."

Nikaitika, ndiyo Baba. Mtu aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote ukimwambia njia yake ina kasoro, ni kama umemtukana.

Miezi ya mvua haikuwa na shida, majani yalikuwa tele. Mwezi wa saba yakaisha. Asubuhi baridi, mchana vumbi jekundu, na mzee akawa anamlisha Kilo majani makavu aliyoyaanika mwenyewe, pamoja na pumba za mahindi. Siku moja alfajiri nilimwona Kilo analamba wavu wa kizimba, pale ulipokuwa na umande. Nikajiambia, huyu ana kiu. Nikanyamaza, nikaenda kuwasha makaa.

Jumatatu Kilo aliacha pumba. Jumanne hakugusa kitu. Jumatano nilimkuta amejikunyata pembeni, masikio baridi, macho yamezama, na sakafuni hakuna hata punje moja mpya ya mavi. Mzee alikuja kuchungulia. Akavua kofia. Hakuniambia mimi, aliuambia wavu:

"Njo kintu ya mwisho Brigitte alishika na mikono yake."

Kisha akaingia ndani, akafunga mlango. 

Mimi nisiyependa wanyama nikampigia simu Mardochée, daktari wa mifugo anayechanja kuku wa mtaa wetu. Alifika na baiskeli, na mzee akatoka. Alimfinya Kilo ngozi ya mgongoni, akaiachia, nayo ngozi ikabaki imesimama vile vile.

"Anakunywaka mayi?" akauliza.

Nikamtazama mzee. Mzee akatazama ukuta.

"Sungura hakunywake mayi," alisema, ila safari hii kwa sauti ndogo.

"Baba, kila kintu iko na damu inakunywaka," Mardochée alimjibu kwa upole. "Wakati ya mvula majani mubichi inamusaidia. Sasa anakula bya kukauka tu, na tumbo nayo inakauka. Tumbo ya sungura iko sawa mashine ya kusaga unga. Ikisimama, yeye pia amekwisha."

Alimdunga maji ya dawa chini ya ngozi, akaniachia bomba dogo lisilo na sindano. Maji ya uvuguvugu kila nusu saa, matone machache, pembeni mwa mdomo na si katikati, yasije yakaingia mapafuni. Jioni, majani ya lengalenga yaliyotwangwa yakawa laini kama uji. Mtu mmoja amshike, mwingine amnyweshe.

"Na tungoje mavi," alisema akipanda baiskeli. "Mavi njo itatuambia. Kesho asubuhi kama haiko, Mama, sitawadanganya."

Mtu mmoja na mwingine! Mzee alikuwa amerudi ndani, mimi nilikuwa mmoja. Nilimbana Kilo kwapani, akapiga teke, maji yakamwingia puani, akapiga chafya, nikamtukana. Nilijaribu tena, ikawa vibaya zaidi. Nilikuwa nimechuchumaa uani, kifua chote kimelowa, nikilia kwa hasira, mlango ulipofunguka. Mzee alitoka akiburuta kiti chake mwenyewe.

"Kuya hapa, Chishimba. Ikala."

"Baba, ile iko kiti yako."

"Minajua. Ikala. Heshima itatungoja kesho. Ile sungura haitangoja."

Nikakaa. Alimfunga Kilo kwenye kitenge cha marehemu, akapiga magoti mbele yangu, mzee wa miaka sabini na tatu, akamshika juu ya mapaja yangu. Vidole vyake vilikuwa vigumu. Ili nifikie mdomo wa sungura ilinibidi kuingiza mkono wangu kati ya mikono yake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Halafu chini ya vidole vyetu nikasikia moyo wa Kilo, na aibu ikaniishia.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Haukuwa ukipiga, ulikuwa ukitetemeka, haraka kuliko mtu anavyoweza kuhesabu, ndani ya mwili mwepesi kuliko mkate. Siku mbili hajala na bado moyo unafanya kazi hivyo! Nani aliuambia uendelee? Niliminya bomba. Tone likaingia. Tukangoja, wote wawili hatupumui, kama watu wanaongoja komunyo. Koo dogo likapanda, likashuka.

"Amemeza," mzee alinong'ona.

Tulishinda hivyo mpaka jua likazama. Karibu na mwisho niligundua kwamba kila Kilo alipomeza, mzee naye alimeza, na mimi pia. Sikucheka. Nilikuwa nimejaa mshangao, na hofu ndani yake.

Asubuhi nilikwenda kwenye kikapu tulimomlaza jikoni. Pembeni mwa kitenge kulikuwa na punje tatu, ndogo, nyeusi, zimekunjamana. Nilipokuwa nazitazama akaongeza ya nne.

"Baba! Baba, amekunya!"

Mzee alikuja miguu mitupu. Aliiokota punje moja, akaiweka kiganjani na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kama mchimbaji anavyogeuza jiwe la kijani la shaba. Macho yake yalijaa. "Asante Mungu," alisema, "asante kabisa," na mimi nikasema amina juu ya mavi ya sungura, na niliisema kwa moyo wangu wote.

Kilo alianza kuguguna jani la lengalenga. Nikatoka kwenda kukisugua kizimba ili arudi mahali pasafi, na kwa mara ya kwanza nikakivuta kutoka ukutani. Nyuma, upande wa jikoni, ubao mmoja ulikuwa umekatwa kidogo chini. Hapo palifungwa kopo la samaki, kwa waya na utepe wa kitenge. Lilikuwa kavu. Ndani yake kulikuwa na duara nyeupe, moja juu ya nyingine, alama za maji yaliyowekwa, yakanywewa, yakawekwa tena.

Nilielewa mara moja. Nilitaka kulificha chini ya nguo. Lakini mzee alikuwa tayari nyuma yangu.

Alikitambua kitenge. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye zile alama, polepole, mpaka ya chini kabisa.

"Miaka yote," alisema. "Najisifu mbele ya bantu: basungura yangu haikunywake. Na Brigitte iko anatia mayi." Nilingoja hasira. Akacheka kidogo, kisha akajifuta uso kwa kofia. "Hakunipinga hata siku moja. Aliwaokoa tu."

Akanigeukia.

"Na wewe, ulijua?"

"Nilimuona akilamba umande, Baba."

"Na ukanyamaza."

"Ndiyo, Baba. Nilinyamaza."

Hakunikaripia, na hilo liliniuma zaidi. Mama Brigitte alinyamaza huku mikono yake ikifanya kazi. Mimi nilinyamaza tu, nikaiita heshima.

Mzee alijaza kopo kwa maji, akalipeleka mbele ya Kilo. Ulimi mdogo wa waridi ukaanza kugonga maji, tap tap tap, bila kupumzika.

"Chishimba," mzee alisema bila kuinua macho. "Mu hii nyumba, kintu gani ingine ninakosea, na bote munanyamaza?"

Niliketi chini kabisa, kwenye vumbi.

"Dawa ya presha, Baba," nikasema. "Unakunywaka siku kichwa inauma tu. Ile dawa iko ya kila siku."

Kilo alikuwa bado anakunywa.

"Endelea," mzee akasema.