Mtani Ndani ya Shati la Ngassa

Levina alifika msibani Isevya na kanga yake begani, na moyoni kitu kilichomkaba kuliko kilio. Asubuhi ile ile ya mazishi simu yake iliita: ghala la asali linamtaka Ngassa, aanze kazi Jumatatu. Ngassa mwenyewe wakati huo alikuwa anashushwa kaburini. Malaria, siku chache tu, basi.

Kazi gani hii, jamani! Chuo kilimleta Tabora kwa mafunzo ya vitendo, afundishe vijana, Ngassa akiwa mmoja wao, kutafuta ajira: kuingia ofisini, kukaa, kumtazama mtu usoni. Hakuna aliyemfundisha namna ya kumpelekea mama habari njema ya mwanawe aliyekwisha kuzikwa. Akisema, atamuua mama wa watu mara ya pili. Akinyamaza, mama ataishi akiamini mwanawe alikataliwa kila mahali, kama majirani walivyozoea kusema.

Alimpa mama mkono wa pole, akakaa mkekani.

Ndipo akatokea Selemani, Mzaramo mwenye kibanda cha sabuni na viberiti. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipotembea na mizigo pamoja hadi pwani, na mtani msibani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu. Alikuwa amevaa shati la Ngassa. Akatembea kama Ngassa, bega moja chini, akaomba chai kwa kigugumizi cha Ngassa. Wanawake wakacheka huku wanafuta machozi. Hata mama alitabasamu.

Selemani akavuta kigoda, akakaa mbele ya Levina. Mgongo wima, viganja juu ya magoti. Levina akashtuka, maana mkao ule aliufundisha yeye, darasani, na Selemani hajawahi kukanyaga huko. Pengine Ngassa alikuwa akijizoeza kule kibandani kwa Selemani. Pengine. Levina alijaribu kuliamini hilo, likakataa kukaa.

Watu waliendelea kucheka. Mtani akainama, na sauti iliyotoka haikuwa na kigugumizi hata chembe.

"Dada, nimepata?"

Ndivyo Ngassa alivyokuwa akimuuliza kila jioni, wenzake wakishaondoka, wakiwa wamebaki wawili tu. Hakuna mwingine aliyewahi kulisikia swali lile.

Vicheko vikakatika. Selemani mwenyewe alijishika mdomo, macho yamemtoka, kama mtu aliyesemewa na mwingine. Mama Ngassa alikuwa amegeuka, anamtazama Levina, anangoja jibu. Siyo mtani aliyekuwa anangoja. Ni mama.

"Umepata," Levina alisema, na machozi yakamwagika. "Wamepiga leo. Unaanza Jumatatu."

Hakuna aliyelia. Selemani alinyanyuka, akaanza kufungua vifungo mbio mbio, anataka kutoka kwenye shati lile kabla halijamzoea. Mama Ngassa akajikongoja hadi pale, akamshika mikono. Wawili hao ni rika moja, wamezoea kuitana shemeji.

"Usivue, mwanangu," alimwambia. "Wameshakuita kazini."

Akaanza kumfunga vifungo, taratibu, kuanzia cha chini.