Vimulimuli

Yudelka alibonyeza mguu wa mdogo wake kwa kidole gumba, akakiondoa, na shimo likabaki palepale kama kwenye unga uliokandwa.

"Heee! Mguu umekuwa mkate," akasema Bi Fefa kutoka kiti cha pili, kichwa kimejaa rola. Saluni nzima ikacheka. Mirelis, mwenye mguu, naye akacheka, mkono mmoja juu ya tumbo la miezi minane, mwingine juu ya paji la uso.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na wateja walingoja urudi ili wakaushwe nywele. Hakuna aliyekasirika. Kwa Yudelka watu walikuja kutengenezwa nywele, wakabaki kwa ajili ya maneno. Kahawa ilizunguka, na umbea ukaizunguka kahawa. Maneno yasiyotosha humo ndani yalihamia kwenye simu, katika kundi la wajawazito ambalo Yudelka alilianzisha na kulitawala kama sebule yake: mlango wazi kwa kila mtu, ila mtia hofu hakaribishwi.

Akaupiga picha ule mguu, akaituma. *Wapendwa, mdogo wangu kavimba, na kichwa kinamuuma tangu jana. Mnasemaje?*

Majibu yakamiminika. Akayasoma kwa sauti, kama anayetangaza washindi.

"'Amina.' 'Amina.' 'Ni msichana huyo, wasichana ndio wanaojaza maji miguuni.'"

"Si nilisema mimi!" Bi Fefa akadakia.

"'Mpe chai ya majani ya mparachichi.' 'Amina.' 'Mungu amfunike.' 'Alaze miguu juu ya mto...'" Akanyamaza.

"Mbona umekata utamu?" Mirelis akauliza.

"Aah. Yule Noris wa San Pedro."

Noris alijiunga akiwa na mimba, akabaki kundini baada ya mimba kwisha bila mtoto, na hakuna aliyejua amwambie nini. Alikuwa mtu wa maswali tu. Sasa ameandika: *Anaona vimulimuli mbele ya macho? Akiviona, msingoje. Mimi nilingoja.*

Kitu cha baridi kilimpita Yudelka mgongoni, na kwa kuwa hakukipenda, akakigeuza hasira. "Kila siku matanga! Humu kuna wanawake hata usingizi hawapati." Kidole chake kikaufuta ule ujumbe. Kisha, hasira ikiwa bado haijaisha, kikamtoa kundini na Noris mwenyewe. Amina nyingine zikaingia, zikaziba pengo kana kwamba hapakuwahi kuwa na mtu.

Mirelis alifumba macho, akayafumbua. "Dada, zimeni basi hiyo taa. Inanichezea machoni."

"Taa ipi, mwanangu?" Bi Fefa akasema. "Kama wewe unayo tugawie, hizi rola zitaota mizizi!"

Kicheko kikaanza, kikafia njiani. Feni ilikuwa imesimama. Globu ilining'inia juu yao, imekufa.

Yudelka akapiga magoti. "Mirelis. Unaona nini?"

"Vitu vidogo vidogo. Vinawaka, vinazima. Kwani umeme haujarudi?"

Yudelka akageuka.

"Bi Fefa, mumeo yuko wapi?"

"Hapo nje, kwenye domino. Lakini tungempa kwanza ile chai..."

"Mwambie awashe teksi!"

Hawakuwahi kumsikia akitumia sauti ile. Bi Fefa akatoka mbio na rola zake.

"Mwanamke, ndiyo kwanza naelekea kushinda!" Radhamés, mumewe, alilalama.

"Utashinda kesho! Inuka!"

Garini Mirelis alilaza kichwa mapajani mwa dada yake. Simu ilikuwa ikilia mfululizo, na kila mlio ulikuwa Amina nyingine.

"Dada, kweli ni msichana?"

"Msichana, tena mbishi. Usilale. Nisimulie lolote."

"Wewe ndiye mwenye maneno," Mirelis akasema kwa ulimi mzito.

Hospitalini muuguzi alimfunga Mirelis kipimo cha presha mkononi, akasoma. Akakihamishia mkono wa pili, akasoma tena. Kisha akamwita mtu kwa jina, bila kupaza sauti. Kitanda kikasukumwa. Milango ikafunguka, ikajifunga. Akabaki ukutani ameshika ndala za mdogo wake, zilizokataa kuingia miguuni.

Akafungua simu. Amina, Amina, na katikati yao mstari wa kijivu: *Ujumbe huu umefutwa na msimamizi.* Akaitafuta namba ya Noris. Aliandika samahani, akaifuta. Akaandika: *Anaviona. Wamemwingiza ndani. Niambie, wewe siku ile ulikuwa na nani?*

Nyuma ya mlango mtu alikimbia, kisha kukawa kimya.

Chini ya jina la Noris neno likatokea: *anaandika*. Likazima. Likawaka. Likazima tena, na Yudelka akalikazia macho, ndala kifuani, akiliomba liwake.