Njoo, Njoo, Basi

Kila siku saa kumi na moja na nusu jioni, fundi miwani alifika getini kwake, akaligeuza gari, akaliingiza uani kwa rivasi. Ua wenyewe ulikuwa mwembamba, ukuta huku na ukuta huku, na mwisho wake palikuwa na kamba ya kuanikia nguo na ukuta wa tatu. Kwa miaka ishirini na miwili mkewe alisimama chini ya kamba hiyo akimwita kwa mkono. "Njoo, njoo, njoo," alisema, na bampa lilipobakiza shubiri moja akasema, "Basi." Hakuwahi kukosea. Majirani walimwita Trafiki, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Kisha wakanunua gari jipya, lenye skrini pana katikati ya dashibodi. Skrini ilipiga simu, ilisoma ramani, ilicheza redio, na mtu akitia rivasi ilionyesha yaliyo nyuma. Muuzaji alimwambia Trafiki kwamba sasa anaweza kupumzika. Trafiki alicheka, akasema basi amestaafishwa bila hata kuagwa.

Skrini ilianza matatizo mwezi wa tatu. Sauti ya redio ilipanda yenyewe hadi mwisho na kitufe kikakataa kuishusha. Picha ya nyuma nayo iliganda, ikawa inaonyesha mambo yaliyokwisha kupita. Fundi miwani alilipeleka gari kwenye gereji ya kampuni mara tatu, na mara zote tatu skrini ilipona, kama jino linaloacha kuuma mlangoni kwa daktari. Gereji ikampa karatasi tatu zenye maneno yale yale: hitilafu haikuonekana. Trafiki akaona isiwe tabu, akarudi kazini kwake chini ya kamba. Alisema kustaafu kwenyewe kulikuwa kunamchosha.

Siku ya msiba fundi miwani alirudi nyumbani mara mbili. Saa tatu asubuhi alikuja kuchukua lenzi alizosahau, na kwenye skrini aliona shuka la bluu limeanikwa kambani. Saa kumi na moja na nusu alirudi tena. Alipotia rivasi redio ilinguruma mpaka vioo vikatetemeka, naye akawa anahangaika na kitufe kwa mkono mmoja. Vioo vya pembeni vilimwonyesha ukuta na ukuta. Skrini ilimwonyesha ua mtupu na shuka la bluu. Alidhani Trafiki ameingia ndani kuangalia jiko, akaendelea kurudi nyuma. Alikuja kutambua baadaye, amepiga magoti uani kando ya mwili wa mkewe, kwamba kamba ilikuwa tupu na shuka lilikuwa limeanuliwa tangu saa sita mchana.

Shuka hilo alilianua binti yao, muuguzi, ambaye siku hiyo alikuwa mapumzikoni na alikuja kumsaidia mama yake kufua. Ni yeye aliyetoka jikoni wa kwanza. Kwenye mazishi alimuuliza baba yake swali moja tu.

"Baba, hukumwona?"

Alimweleza habari ya shuka. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, akarudi kwake ng'ambo ya mji, na simu zake zikawa fupi.

Wiki ya sita fundi miwani alilitoa gari kwa mara ya kwanza, kwa sababu wateja walikuwa wanasubiri macho yao. Jioni alipotia rivasi, Trafiki alikuwa kwenye skrini. Alisimama chini ya kamba na gauni lake la nyumbani, lile lenye mfuko uliochanika, akimwita kwa mkono. Fundi miwani alishuka, akaenda nyuma ya gari, akakuta ardhi na kivuli cha kamba. Akarudi kwenye usukani. Trafiki alikuwa bado yupo, amekunja uso kidogo kama mtu aliyecheleweshwa. Redio tangu siku ile ilikuwa bubu, kwa hiyo hakumsikia, lakini kazi yake ilikuwa kuwatazama watu usoni na midomo aliijua. Njoo, njoo, njoo. Basi. Alikanyaga breki. Shubiri moja, kama zamani.

Alilia palepale, paji la uso kwenye usukani, mpaka giza likaingia. Jirani wa mbele alipopata habari alisema hashangai, mama yule alikuwa mtu wa kazi.

Wakili aliyemwendea alikuwa na ofisi juu ya duka la magodoro, na miwani aliyovaa ilikuwa kazi ya mikono ya fundi mwenyewe. Alimpangia njia zilizopo. Mwenye gari bovu lililo kwenye waranti anaweza kudai litengenezwe, na likishindikana libadilishwe, na hilo nalo likishindikana arudishiwe alicholipa. Aliyeumizwa anaweza kudai fidia. Tena kulikuwa na wenye magari thelathini na wanne wenye skrini ya aina hiyohiyo, waliokuwa wanafungua kesi ya pamoja, na umoja ni nguvu. Mmoja wao alikuwa mkunga ambaye ramani yake ilimpeleka kwenye barabara zilizofutwa kabla hajazaliwa. Mwingine alikuwa mwalimu ambaye skrini yake ilimpigia simu kila mtu aliyewahi kumsengenya. Fundi miwani aliuliza ni njia ipi kati ya hizo mwishoni mwake kuna karatasi yenye muhuri, iliyoandikwa kwamba siku ile saa kumi na moja na nusu skrini ilikuwa imeganda.

"Sheria ina mengi ya kukupa, mzee wangu," wakili alisema. "Sentensi ndiyo ngumu."

"Mimi nataka hiyo sentensi. Nina mtu niliyemwahidi kumwonyesha."

Kesi ya pamoja haikufika mbali. Kampuni ilimpa kila mwenye gari skrini mpya, naye akaweka saini kwamba ile ya zamani haikuwa na kasoro. Mkunga alisaini, mwalimu akasaini. Fundi miwani aliuliza skrini za zamani zinapelekwa wapi, akaambiwa zinasagwa. Hakusaini. Akabaki peke yake, na wakili akabaki naye, ingawa alimwonya kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na kampuni ile haikuwahi kushindana na mtu bila kushinda.

Mkaguzi wa kampuni alikuja uani alasiri moja. Alikuwa kijana mpole, mwenye futi ya kupimia na fomu ya kurasa sita. Aliketi kwenye usukani, akatia rivasi, na Trafiki akatokea. Mkaguzi alimwamkia kwa kichwa. Kisha akapima umbali, akapima mwanga, akapima kama picha inachelewa, hata nukta moja. Haikuchelewa. Alimwomba Trafiki kwa ishara asogee kushoto, naye akasogea.

"Picha ni safi," mkaguzi alisema. "Mama anaonekana kuanzia kisigino mpaka kitambaa cha kichwani."

"Ameanza kuonekana baada ya kufa," fundi miwani alimwambia. "Siku ile hakuonekana. Kulikuwa na shuka."

Mkaguzi aliipitia fomu yake ukurasa kwa ukurasa, kwa moyo safi kabisa. Akasema inauliza tu kama mtu aliye nyuma ya gari anaonekana, haiulizi tangu lini. Akampa pole, akaandika ndiyo.

Hakimu alisoma ripoti hiyo na zile karatasi tatu za gereji. Wakili alieleza habari ya redio, akaeleza habari ya shuka, na hakimu akaandika yote bila haraka. Hukumu yake ilikuwa nusu ukurasa. Ilisema kwamba mfumo unafanya kazi, kwamba marehemu anaonekana wazi nyuma ya gari, na kwamba dereva makini angemwona na kusimama. "Basi," alisema hakimu, akafunga faili. Fundi miwani alisimama mara moja, kwa mazoea. Ilibidi wakili amshike mkono na kumwonyesha mlango.

Sentensi aliipata, yenye muhuri, ila haikuwa ile aliyoitaka. Angeweza kuificha. Aliituma kwa binti yake kwa sababu alikuwa amemwahidi, na kwa sababu hakujua kusema uongo kwa maandishi.

Binti alikuja Jumamosi. Hakuingia ndani. Alifungua mlango wa abiria, akaketi, akafunga mkanda.

"Nionyeshe," alisema.

Fundi miwani alilipeleka gari mpaka getini, akatia rivasi. Trafiki alitokea chini ya kamba, akaanza kuita kwa mkono. Binti alimtazama bila kupepesa. Hakulia. Alitazama mfuko uliochanika, ambao siku ile mama yake alimwomba aushone, naye akasema ataushona kesho.

"Anaonekana vizuri," alisema.

"Sasa hivi, mwanangu. Siku ile ilikuwa ni shuka. Shuka la bluu. Wewe ndiye uliyelianua." Akamgeukia. "Unakumbuka ulilianua saa ngapi?"

"Nilianua nguo nyingi siku ile, Baba."

Kwenye skrini midomo ya Trafiki ilifumba, ikafumbua. Fundi miwani alikanyaga breki, na gari likasimama shubiri moja kutoka kwenye gauni lake. Binti alinyoosha kidole akaugusa mfuko, na kioo kikabaki na alama.

"Rudi tena," alisema.

Tangu hapo huja kila Jumamosi. Hamuulizi baba yake hali, wala hali chakula kwake. Huketi, hufunga mkanda, na baba yake hulipeleka gari mpaka getini kisha hurudi nalo polepole kuelekea ukutani, huku mkewe akimwita, njoo, njoo, mpaka basi. Mara nyingine ni mara tano, mara nyingine ni kumi na moja. Kila mara mguu wake huwa tayari juu ya breki, na kila mara binti humtazama mama yake tu.

"Tena, Baba."

Naye hutia gia, akalisogeza gari mbele mpaka getini.