Kitabu cha Ubia

Mtu mliyemiliki naye kitabu kimoja kwa mwaka mzima, mkakisoma kwa zamu, mkaulizana na kujibizana humo ndani, wala msionane hata siku moja, ni nani wako? Si ndugu. Si rafiki, maana rafiki utakijua hata kicheko chake. Swali hilo lilimkaa rohoni msichana mmoja aliyesomea uhandisi wa majengo, na kila alipodhani amelipatia jibu, jibu lilimponyoka.

Chanzo chake kilikuwa duka la Bi Jalada, lililotazamana na lango la chuo: chumba kirefu, chembamba, chenye rafu zilizofika darini na ngazi ya mbao ambayo mwenye duka peke yake aliruhusiwa kuipanda. Wanafunzi walimwita Bi Jalada kwa sababu hakuna kitabu kilichotoka mikononi mwake kikiwa uchi. Kiwe kipya, kiwe kimechoka, alikilaza kwenye kaunta, akakata nailoni kwa wembe, akakunja pembe, ndipo akakikabidhi, mithili ya mama anayemfunga mtoto vifungo vya sweta asubuhi ya shule. Mwanafunzi akisema ana haraka, alijibiwa, "Kimekugharimu kuliko nguo zako zote, halafu unataka kitembee uchi?"

Kwa wale walioshindwa na bei alikuwa na utaratibu wake, ambao aliuita ubia. Wanafunzi wawili walilipia kitabu kimoja, nusu kwa nusu. Mmoja alikaa nacho mwanzoni mwa juma na kukirudisha kaunta Jumatano jioni. Mwenzake alikichukua Alhamisi asubuhi, naye akakirudisha Jumamosi. Masharti yalikuwa kuandika kwa penseli tu, na kutomuuliza Bi Jalada sura wala jina la mbia wako. Sharti hili la pili halikutoka hewani. Zamani wabia wawili walikutana, wakapendana, wakakosana, kisha wakaja dukani wamenuniana, kila mmoja akidai kitabu kipasuliwe apewe chake.

"Nilisimama hapa na wembe mkononi kama hakimu," Bi Jalada alipenda kusimulia. "Tangu siku hiyo nikasema, mapenzi yafanyieni hukohuko chuoni. Hapa ni kusoma."

Msichana huyo alipewa jina la Mhandisi siku ya kwanza, alipotangaza mbele ya foleni nzima kwamba atajenga shule ambazo kuta zake hazitapasuka mvua ikinyesha. Watu walicheka. Bi Jalada hakucheka. Alimtazama juu ya miwani, akaparamia ngazi, akashuka na kitabu kinene cha udongo na misingi ya majengo. "Hiki kina mtu wa nusu ya pili," alisema. "Anza na Jumatatu."

Juma la pili tu, Mhandisi alikuta alama ya kuuliza pembeni mwa aya ya udongo wa mfinyanzi. Ilikuwa alama ndogo ya penseli, imepinda kama ndoano, na chini yake maneno: mbona unavimba? Msichana alijua jibu. Aliandika, kwa mwandiko wake mdogo wa kubana, kwamba udongo huo hunywa maji yakaingia katikati ya tabaka zake na kuzisukuma zitengane. Jumatatu iliyofuata alikuta alama ya vema pembeni ya jibu lake, na kurasa kadhaa mbele, ndoano nyingine.

Ikawa hivyo mwaka mzima. Alimjua mbia wake kwa vitu vidogo vidogo. Alijua kwamba hukunja pembe ya ukurasa anapochoka, kwa maana mikunjo ilizidi penye milinganyo mirefu. Alijua kwamba hupiga mistari kwa rula, hata chini ya neno moja. Alijua kwamba ana ucheshi, kwani mahali mwandishi wa kitabu aliposema "ni dhahiri kwamba", mbia aliandika: kwake yeye. Mhandisi alicheka peke yake maktabani mpaka msimamizi akamgongea meza.

Naye alianza kujibu vizuri kuliko alivyojiandalia mitihani. Kwa ajili ya ndoano moja alimfuata mhadhiri ofisini. Kwa ajili ya nyingine alichukua udongo nyuma ya bweni, akauloweka kwenye kikombe, akauchunguza ukikauka na kupasuka dirishani. Kwenye kurasa ambazo mbia hakuuliza kitu, alijikuta ana huzuni kidogo.

Hatimaye uvumilivu ukamwishia. Aliamua kwamba Alhamisi moja angekosa maabara, asimame dukani, aone nani anakuja. Alivaa blauzi yake nzuri, ya rangi ya samli, akajifanya anatafuta kikokotoo cha mitumba.

Bi Jalada alimtazama, akaitazama blauzi. "Vikokotoo viko rafu ya chini, Mhandisi. Huko mlangoni kuna vumbi tu."

Asubuhi ikapita. Waliingia wa sheria, waliingia wa uuguzi, aliingia mtu aliyetaka kurudisha kamusi kwa sababu ilikuwa nzito. Kitabu kilibaki kwenye kaunta, ndani ya nailoni yake.

"Labda amechungulia dirishani akaiona hiyo blauzi, akakimbia," Bi Jalada alisema, kwa kutania. Lakini alipomwona msichana ameinamisha uso, akaongeza kwa sauti ya chini, "Nenda darasani, mwanangu. Wiki ijayo ipo."

Wiki iliyofuata mbia hakuja, wala iliyofuata hiyo. Mhandisi akajiambia kwamba mbia wake amepata pesa, amenunua kitabu chake kizima, na amesahau kwamba kulikuwa na mtu upande wa pili. Aliumia kuliko alivyokuwa na haki ya kuumia. Sasa kitabu kilikuwa chake juma lote, na katika siku zile ambazo hazikuwa zake alikutana na ndoano ya mwisho, karibu na mwisho wa kitabu. Mwandishi alieleza kwamba ardhi iliyobebeshwa jengo huendelea kudidimia taratibu hata baada ya mzigo kuacha kuongezwa. Pembeni mbia aliuliza: hadi lini?

Msichana hakulijua jibu. Na kwa kuwa alikuwa na kinyongo, hakulitafuta. Akajibiwe na kitabu chake kipya, alijiambia, akafunua ukurasa.

Mtihani ulipokaribia, siku moja mchana, Mhandisi alikuwa kaunta akirudisha kitabu kwa mazoea, japo hakuna aliyekingoja, mwanamke mmoja alipoingia. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani, na mkononi alikuwa na mkoba mtupu, uliokunjwa. Nyuma ya Mhandisi palikuwa na kijana wa sheria na makaratasi yake.

"Samahani, mama," mwanamke alimwambia Bi Jalada. "Mdogo wangu alikuwa na nusu ya kitabu hapa. Nimeijia."

Bi Jalada aliuweka wembe chini.

"Ni ya mbele au ya nyuma?" mwanamke aliendelea. "Yeye alisema nusu tu. Hakusema ipi."

Kijana wa sheria aliguna kicheko, kisha akakimeza, kwa kuwa alikiona kitambaa.

"Yeye mwenyewe yuko wapi, mwanangu?" Bi Jalada aliuliza, na sauti yake ilionyesha kwamba angependa asijibiwe.

"Tumemzika. Tulidhani homa. Kumbe figo. Alilala hospitali muda mrefu, anasema tu, nirudishieni zamu yangu, nirudishieni zamu yangu. Tulidhani anaweweseka."

Mhandisi alitazama kitabu kilichokuwa kati yao, na kwa mara ya kwanza kilionekana kwake kama kitu kilichoachwa na mtu aliyetoka chumbani mara moja tu.

Bi Jalada alianza kusema habari za kurudisha malipo. Mwanamke alitikisa kichwa. "Sikufuata hela, mama. Mama yetu hali chakula. Amepekua mashati yake yote, amepekua hata viatu. Anatafuta kitu chenye mkono wake. Daftari zake tuliambiwa zilibaki bwenini, tulipofika zimetupwa. Nikakumbuka hiki. Hata nusu itatosha."

"Hakina nusu namna hiyo," Mhandisi alisema. "Maandishi yake yapo humu, kila mahali. Yamechanganyika na yangu."

Mwanamke akamgeukia, akamtazama tangu kichwani hadi miguuni, kisha akamwangalia mkono. "Niandikie kitu," alisema.

"Nini?"

"Chochote."

Mhandisi alichukua penseli ya kaunta, akaandika kwenye kipande cha karatasi ya risiti neno lililomjia, nalo lilikuwa udongo. Mwanamke aliliinamia, akalipitishia kidole.

"Mwandiko Mdogo," alisema. "Ndiye wewe. Huyo mtoto akija likizo, mezani hakuna habari nyingine. Mwandiko Mdogo kasema hivi, Mwandiko Mdogo kaenda mpaka kwa mhadhiri. Nikawa namtania, nikimwambia, wifi yangu hajambo? Anakasirika, anatoka nje, halafu anarudi anacheka. Maswali mengine alikuwa anayajua. Nilimwona anaandika. Nikamuuliza, mbona unauliza kitu unachokijua? Akasema, nisipouliza, hataandika."

Bi Jalada alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa upindo wa nguo, anaifuta tena.

Msichana alifungua kitabu pale penye ndoano ya mwisho. Hadi lini? Alishika penseli. Alitamani awe na jibu refu, lenye mchoro, lenye ushahidi wa kikombe cha dirishani. Lakini mwenye swali hakuwepo kuliwekea vema, na yeye alikuwa ameliacha likingoja kwa sababu ya blauzi. Aliandika neno moja, sijui, kwa mwandiko ule ule mdogo. Akafunga kitabu.

"Mtihani wenu si karibu?" kijana wa sheria aliuliza kwa upole. "Si mtoe kopi? Mmoja achukue kopi, mwingine kitabu."

"Penseli yake ni hafifu," Mhandisi alimjibu. "Mashine haitaiona."

"Basi kaa nacho mpaka umalize mtihani," alisema dada wa marehemu, japo vidole vyake vilikuwa tayari vimekigusa kitabu, na havikukiacha. "Nitamwambia mama angoje. Sisi tumeshazoea kungoja."

"Na akikipata atafanyaje?" Bi Jalada aliuliza. "Mama wa watu atafunua, atakuta hesabu na alama za kuuliza."

"Atashika tu, mama. Atashika."

Mhandisi alikivuta kitabu kwake, na kwa muda kidogo kila mtu aliyekuwa pale alidhani anakiweka mkobani mwake. Ni kweli alikitaka. Hakuwa na kitu kingine cha mtu yule, hata picha, hata sauti. Na dada yake angalau alikuwa na kile kicheko cha kutoka nje na kurudi. Alikikumbatia kifuani, juu ya shati lake la kawaida la darasani. Kisha alikilaza juu ya kaunta, akakata nailoni mpya kwa wembe wa Bi Jalada, ambaye hakumzuia, akakunja pembe moja baada ya nyingine mpaka jalada likakaa sawasawa.

"Hakigawanywi," aliwaambia wote watatu. "Kinakwenda kwa mama yake leo, kizima, na mimi ninakwenda nacho. Nitamsomea, swali moja moja, nimwonyeshe lipi ni la mwanawe."