Darasa Lililonyamaza

Mimi kelele siziwezi. Waulize watu wa Chinongwe: Mwalimu Lusiana akikohoa, hata kuku wa jirani wanatulia. Basi mwaka 2003 darasa langu la nne likanyamaza kweli. Watoto hamsini na wanane, nikiwapa mgongo kuandika ubaoni, sisikii hata mtu kupiga chafya. Nikavimba kichwa. Nikamwambia mwalimu mkuu, Saturnini, awalete walimu wenzangu waone darasa linavyoshikwa. Saturnini ni mtani wangu, hanionei haya. Alisema niwahesabu kwanza, huenda nimeshawaua kwa maneno.

Mwaka huohuo nilikuwa nimempokea Hajira, mtoto kiziwi aliyehamia kutoka Mkotokuyana. Bibi yake alimleta mwenyewe. Shule ya viziwi ilikuwa mbali, na bibi hakuwa na mtu wa kumpeleka, akaomba mjukuu wake akae hapa hata kwenye kona. Nilikubali, ila kumfundisha sikujua. Semina ya siku mbili pale Ruangwa ilinipa cheti na soda, basi. Nikamkalisha mbele nikawa nampazia sauti. Ndiyo, kiziwi nampazia sauti. Hasira zikipanda, akili huenda likizo.

Hesabu alizipata zote. Imla, yaani mimi nasoma wao wanaandika, akapata sifuri kila wiki. Saturnini hakutania aliponiambia kwamba mkaguzi akiziona zile sifuri, mtoto atarudishwa kwa bibi yake.

Wiki moja kabla ya ukaguzi, chaki ilinikatikia, nikageuka ghafla. Loo, mikono ilikuwa juu darasa zima. Walikuwa wanaongea. Lugha ya mikono ya Hajira walikuwa wameidaka wote kisimani na njiani, miezi hiyo yote wanapiga soga nyuma ya mgongo wangu. Fatma, jirani yake wa dawati, alikuwa ameshika kiuno na kurusha shingo, na sikuhitaji kuambiwa anamwigiza nani. Nilishika fimbo. Kisha nikamwona Hajira anacheka mpaka machozi, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akicheka. Nikairudisha fimbo mezani. Sikumwambia mtu, maana niliona aibu.

Mkaguzi akaja. Akasimama mlangoni, akasikiliza ule ukimya, akanisifia mbele ya Saturnini na kuandika kwenye kitabu chake. Moyo wangu, nisiseme uongo, ulijaa raha. Kisha akafungua daftari la Hajira.

Akasema huyu si wa hapa, iandikwe barua kwa mlezi wake. Hajira alikuwa anamtazama uso. Hakungoja atafsiriwe, alianza kukusanya penseli zake.

Mficha uchi hazai. Nilisimama.

"Mheshimiwa, futa hiyo sifa," nikasema. "Darasa hili halinyamazi. Linapiga soga kutwa nzima, mimi ndiye nisiyesikia."

Saturnini alikohoa. Mkaguzi alidhani nimechanganyikiwa. Nikamwomba asome imla yeye mwenyewe, sentensi yoyote anayotaka. Akasoma: mama anabangua korosho uani. Nikamwashiria Fatma amgeukie Hajira. Mtoto wa watu alijua sasa nimewakamata, lakini mikono ikaenda. Hajira akaandika. Mkaguzi akasoma nyingine, na nyingine, mpaka kumi. Hajira alipata nane. Fatma mwenyewe alipata saba, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi.

Mkaguzi alikata mistari miwili katika kitabu chake, ule wa barua na ule wa sifa yangu. Uliniuma ule wa pili, siwezi kukana. Kisha akamwuliza Fatma, mwalimu wake atamfundishaje mtoto anayeshindwa hata kuongea naye. Swali lilikuwa langu. Nikaenda kukaa kwenye dawati, karibu na Hajira, magoti yakigonga ubao. Nikamwonyesha kwa kidole kifua changu: nifundishe jina langu la mikono.

Nilishika kiuno, nikarusha shingo kama Fatma siku ile. Hajira akatikisa kichwa, si hivyo. Akanisahihisha bega. Nikarudia, akakataa tena. Saturnini alikuwa ameegemea ukuta, anajifuta macho kwa kicheko. Mara ya tatu Hajira akaniangalia vizuri, akachukua penseli, akanipa alama ya vema kwenye kiganja.